Maili za Ndege Siyo za Kuvimbia: Mama Yupo Ipogolo Anasubiri Tiketi

Kuna picha moja ilizunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp ya Iringa. Dada wa mjini, miwani usoni, glasi ndefu mkononi, miguu kainyoosha kwenye kile kiti cha bizinesi klasi kinacholala kama kitanda. Chini kaandika: "Kutoka Ipogolo hadi mawinguni. Mungu hamtupi mja wake."

Laiki kibao. Mashosti wakamwaga mioyo. Wenye roho za kwa nini nao wakaingia na maswali yao: kapata wapi, ni ya nani, mbona duka lenyewe dogo. Hakuna aliyeuliza swali la maana kuliko yote: kile kiti kakilipia na nini?

Kakilipia na maili. Maili 60,000. Karibu miaka minne ya kwenda Guangzhou na Istanbul kubeba mzigo wa nguo, kulala vyumba vya watu wanne, kubishana na mawakala wa mizigo na kurudi Kariakoo macho mekundu. Zote zikaishia kwenye usiku mmoja wa kulala vizuri na picha kumi na moja.

Ni haki yake? Ndiyo. Ni akili? Hapo ndipo pa kukaa chini tuongee.

Kilichotokea miezi mitatu baadaye

Mdogo wake aliyeolewa Muscat akajifungua. Uzazi wa kwanza, tena wa kisu, na huko hana ndugu wa damu hata mmoja. Akaomba kitu kimoja tu: mama aje, hata mwezi mmoja.

Mama ni yule anayejulikana na makondakta wengi wanaopita Ipogolo. Anauza nyanya na vitunguu kando ya barabara kuu, chini ya mlima, pale ambapo mabasi ya Mbeya na ya Dar yanashusha watu na bajaji zinagombea abiria wa kupanda mjini. Pasipoti alishakata, kaiweka kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, pamoja na kadi ya kliniki ya marehemu mume wake.

Tiketi ya kwenda na kurudi kwa tarehe zile ilikuwa shilingi 1,900,000. Kwa maili ingekuwa 45,000, na kodi na tozo za kama 400,000 juu yake. Dada akafungua programu kwenye simu. Kabla ya ile bizinesi klasi alikuwa na 81,000. Zikabaki 21,000. Na hizo 21,000, alipoingia siku ile, hazipo. Muda wake ulikwisha mwisho wa mwezi uliopita. Barua pepe ya kumkumbusha ilikuja, ikalala kwenye matangazo pamoja na zile za kubeti.

Pesa taslimu nayo haipo, mtaji wote uko kwenye mzigo ambao bado upo baharini. Mama hakwenda. Mjukuu kamwona kwa video, mtandao ukikatika kila mtoto akifungua macho. Akasema maneno ambayo dada anayarudia mpaka leo: "Mwanangu, ndege niliiona kwenye simu yako, na mjukuu naye nimemwona kwenye simu yako."

Kinachouma zaidi ni hiki. Dada alipokuwa Guangzhou, nani alibaki na watoto wake wawili? Nani aliwaamsha shule, akawapeleka zahanati usiku homa ilipopanda? Mama. Zile maili zina jina la dada kwenye akaunti, lakini mgongo uliozibeba siyo wake peke yake.

Maili siyo zawadi

Watu wengi wanakosea hapa mwanzoni kabisa. Wanaona maili kama bahati nasibu, kitu cha bure kilichodondoka, kwa hiyo wanakitumia kibure. Siyo bure. Shirika la ndege halina shangazi wa kukupa zawadi. Umezilipia ndani ya bei ya tiketi yako, na aliyekuuzia anajua wazi kwamba wengi hawatazitumia kabisa au watazitumia vibaya.

Mchezo huu ni wa zamani. American Airlines walianzisha programu yao ya AAdvantage mwaka 1981, mashirika mengine yakafuata. Leo karibu kila ndege kubwa inayotua Dar ina yake: Ethiopian wana ShebaMiles, Emirates wana Skywards, Turkish wana Miles&Smiles, Kenya Airways wana Asante Rewards, Qatar wana Privilege Club ambayo tangu 2022 inatumia Avios, pointi zilezile wanazotumia British Airways. Jina ni maili, lakini siku hizi sehemu nyingi hazihesabiwi kwa umbali uliosafiri bali kwa hela uliyolipa. Tiketi ya bei ya kutupa inaweza kukupa maili kiduchu, au isikupe kabisa.

Ukielewa hilo, unaelewa kwamba maili ni pesa. Ila ni pesa ya ajabu: haipati riba, thamani yake inapangwa na mwenye duka, anaweza kuishusha akiamua, na ina tarehe ya kufa.

Watu wa Iringa hawahitaji mchumi wa kuwaeleza hili. Wana ulanzi. Ukigemwa asubuhi ni mtamu, mpaka mtoto anaweza kuonja. Ukikaa, unakuwa mkali. Ukikaa zaidi, hakuna anayeugusa. Maili ni ulanzi. Hakuna mtu mwenye akili anayejaza madumu ya ulanzi stoo akisema anawekeza kwa ajili ya uzeeni.

Kuna programu zinazohesabu miaka mitatu tangu ulipozipata. Kuna nyingine zinahesabu tangu mara ya mwisho akaunti ilipotikisika, yaani ukiingiza au kutoa hata kidogo, saa inaanza upya. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa kama ya mbingu na ardhi, na imeandikwa kwenye masharti ambayo wote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma.

Hesabu ya dakika mbili

Kujua kama unapigwa au unafaidika hakuhitaji digrii. Chukua bei ya tiketi kwa pesa taslimu. Toa kodi na tozo ambazo utazilipa hata ukitumia maili. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya maili wanazotaka. Unapata kila maili moja inakufanyia kazi ya shilingi ngapi.

Chukua mfano wa kawaida. Tiketi ni 2,400,000. Kwa maili ni 40,000 na tozo 600,000. Umeokoa 1,800,000. Gawanya kwa 40,000: shilingi 45 kwa maili. Hiyo fresh.

Njia ileile, msimu ambao ndege ziko tupu, tiketi imeshuka mpaka 1,300,000, lakini maili wanataka zilezile 40,000 na tozo zilezile 600,000. Sasa umeokoa 700,000 tu. Shilingi 17 na nusu kwa maili. Hapo lipa pesa, maili zako zitunze.

Halafu kuna duka la mtandaoni la shirika lenyewe, lenye blenda, spika na mabegi. Blenda ya maili 30,000 ambayo Kariakoo unaipata kwa 240,000? Shilingi 8 kwa maili. Huo ni wizi, ila mwenye mali ndiye anayebonyeza kitufe. Jamaa mmoja wa mjini, mtu wa miradi, kila mwezi yuko angani kwa tiketi za ofisi, alitupia picha ya spika akisema kapewa bure. Spika ile imemgharimu karibu tiketi nzima ya kumpeleka mke wake nje. Mke hajui. Akisoma hapa, shauri yao.

Watetezi wa bizinesi klasi

Sasa, kuna watu watakaoruka juu. Wapo wale vijana wanaofuatilia chaneli za Wamarekani kule YouTube, na hoja yao ni kali kweli. Wanasema: tofauti ya kiti cha kawaida na bizinesi klasi siku ile ilikuwa 3,600,000. Gawanya kwa maili 60,000, ni shilingi 60 kwa maili! Dada alipiga bao. Kumpeleka mama Muscat kungemwokolea 1,500,000 kwa maili 45,000, sawa na shilingi 33 tu. Kwa hesabu, bizinesi klasi imeshinda mara mbili kasoro kidogo.

Hesabu iko sahihi. Akili ndiyo haiko sahihi.

Swali ni hili: dada angetoa 3,600,000 mfukoni kwa ajili ya kiti? Katu. Hata kwa kushikiwa panga. Basi ile 3,600,000 haikuwahi kuwepo. Ni bei ya kwenye kioo, siyo pesa aliyookoa. Siku ya pili alipotua Dar, pochi yake ilikuwa na shilingi zilezile alizoondoka nazo. Lakini 1,500,000 ya tiketi ya mama ilikuwa pesa ya kweli kabisa, kwa sababu safari ile ilihitajika, na kwa kukosekana kwake mtu alibaki Ipogolo na pasipoti chini ya godoro.

Mmarekani ambaye kampuni inamlipia kila kitu, na mama yake ana gari na pensheni, acha ahesabu anavyotaka. Thamani ya maili kwa mtoto wa Ipogolo inapimwa kwa shilingi ambayo angelazimika kuitoa, na kwa safari ambayo bila maili isingefanyika. Kiti kinacholala hakimo kwenye hesabu hiyo.

Na asionewe dada. Mtu aliyelala kwenye mabenchi ya viwanja vya ndege miaka minne ana hamu ya kitanda, na hakuna dhambi kujipongeza. Tatizo ni mpangilio. Kwanza jiulize ni safari gani inakuja ndani ya ukoo huu miaka miwili ijayo: uzazi, harusi, mahafali, hospitali. Zikishapata sehemu yake, kikibaki, nyoosha miguu, agiza juisi, tupia picha.

Aliyepatia

Kuna kijana mwingine wa Iringa, anafanya kazi hotelini Doha. Huyu hana jina mjini, hata picha zake ni za kuhesabu. Wenzake walimcheka kwa kukalia maili wakati wao wanachukua hedifoni na manukato. Yeye aliamua zamani: maili zangu ni za dharura.

Siku simu ikalia usiku. Mzee kafariki.

Anayeishi mbali anaijua simu hiyo. Unalia huku unaangalia bei. Tiketi ya kesho yake ilikuwa 2,700,000, kwa sababu mashirika mengi yanauza ghali zaidi siku zikikaribia. Lakini kwa maili, programu yake haikuwa imepandisha: 38,000 na tozo 450,000, sawasawa na tiketi ya kuomba mwezi mmoja kabla. Kila maili moja ilimfanyia kazi ya shilingi 59. Tofauti na ile 60 ya bizinesi klasi, hii ilikuwa pesa ambayo angeikopa kwa mtu.

Akatua Dar, akaunganisha basi, karibu kilomita 500, Kitonga akaipanda akiwa amesimamisha macho. Akashuka Ipogolo na begi moja mgongoni, bajaji ikampandisha nyumbani. Aliwahi. Alitupa udongo wake kama mtoto wa kwanza anavyotakiwa. Hakuna aliyepiga picha.

Tahadhari moja: siyo kila programu inafanya hivyo. Siku hizi zipo ambazo bei ya maili nayo inapanda kila tiketi inapopanda, na viti vya maili huwa vichache, vikiisha vimeisha. Ndiyo maana kabla ya kuchagua programu, fungua simu leo ujaribu: tafuta tiketi ya kesho kwa maili, halafu ya miezi mitatu mbele. Ukiona bei zinafanana, hapo pana kimbilio siku ya shida.

Staa na jina la jukwaani

Na kuna msanii mmoja, nyimbo zake mmezichezea kila harusi. Kapanda ndege kwenda Nairobi, Dubai na London kupiga shoo za wabongo wa ughaibuni, mapromota wakilipa. Siku moja akaambiwa: maili ni za anayekaa kwenye kiti, siyo za anayelipa. Akachanganyikiwa kwa furaha. Akafungua akaunti, akadai maili zake zote.

Zikakataliwa. Kajisajili kwa jina la jukwaani. Mfumo unataka jina la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na ule umaarufu wake kompyuta haiujui. Kurekebisha jina akarekebisha, lakini safari nyingi zilishapita muda wa kudai, ambao huwa ni miezi tu, na boding pasi alizitupa kwenye mapipa ya viwanja vya ndege. Safari za miaka mingapi zile? Zimeyeyuka kama barafu ya ukwaju.

Somo ni fupi. Jisajili kabla ya safari, ni bure. Jina liwe la pasipoti. Namba yako iingie siku ya kukata tiketi, hata kama ni ofisi au promota anayekata. Boding pasi itunze mpaka maili zionekane.

Usitawanye

Kosa lingine la wabeba mzigo ni kuwa na akaunti tano zenye maili elfu nne nne. Hizo hazikufikishi popote. Kumbuka mashirika yamejiunga kwa makundi. Ethiopian, Turkish na EgyptAir wote wako Star Alliance, kwa hiyo safari ya Istanbul na safari ya Addis zinaweza kuingia akaunti moja. Kenya Airways na KLM wako SkyTeam. Qatar yuko oneworld. Chagua kundi moja linalofuata njia zako, komaa nalo.

Emirates na Qatar wanaruhusu familia kuunganisha maili, na programu nyingi zinakuruhusu kumkatia tiketi mtu mwingine, ingawa baadhi zinataka umwandikishe mapema kwenye orodha. Mwandikishe mama leo, kabla ya simu kulia.

Madalali wanaouza na kununua maili kwenye magrupu, achana nao. Masharti ya programu karibu zote yanakataza, na ukibambwa akaunti inafungwa na kila kilichomo.

Asiyewahi kupanda ndege asijione hayumo. Pointi za laini ya simu ni mchezo uleule: unalipia, zinajaa, unasahau. Kenya wana Bonga Points za Safaricom, na huku mitandao nayo ina za kwake. Bonyeza menyu uangalie. Anayezembea na pointi za vocha atazembea na maili pia.

Na kwa wanaodhani haya ni mambo ya matajiri, Mmarekani mmoja mhandisi, David Phillips, mwaka 1999 aliona tangazo la kampuni ya chakula likitoa maili kwa lebo. Akapiga hesabu, akanunua vikopo zaidi ya 12,000 vya pudini kwa dola kama 3,140, akavuna maili zaidi ya milioni moja na robo. Pudini yenyewe akaigawa kwa watu wa misaada, nao wakamsaidia kubandua lebo. Hakuwa tajiri. Alisoma masharti tu, kitu ambacho wengine wote waliruka.

Turudi Ipogolo

Hesabu ya mwisho ni ya barabarani. Tiketi ya maili inayotua Dar saa tisa usiku siyo ya bure ukiweka gesti, teksi na nauli ya basi mpaka Iringa. Kama ni mama ndiye anayesafiri, mara ya kwanza maishani, mtu wa kumsindikiza mpaka mlangoni pa ndege naye ana nauli. Weka vyote kwenye karatasi kabla ya kubonyeza.

Dada, kwa kumtendea haki, kajifunza. Siku hizi namba ya programu kaiandika kwenye daftari la duka, na tarehe ya maili kufa kaizungushia wino mwekundu kama deni la mkopo. Kamwandikisha mama. Anasema safari mbili zaidi za Guangzhou zitatosha.

Zitatosha tiketi, sawa. Lakini mjukuu kule Muscat ameshaanza kutambaa.

Haya wadau, wewe ungechagua kipi: kile kiti au safari ya mama? Na kabla hujaandika komenti, nenda kwanza kafungue akaunti yako uone zimebaki ngapi, na zinakufa lini.